Ngumi Inayoanzia Kisiginoni

Ukisimama pembeni mwa vijana wanaofanya mazoezi ya kung fu, iwe Kasese mjini au kule Bwera karibu na mpaka wa Kongo, macho yako yatakimbilia mikono. Ndivyo ilivyo kwa kila mtazamaji. Mkono ndio unaopiga, ndio unaokinga, ndio unaokamata nguo ya mwenzake na kuiachia. Mtoto wa miaka sita akitaka kukuonyesha kwamba na yeye anaijua kung fu, atakunja vidole na kuvirusha mbele ya pua yako huku akipiga kelele. Hakuna mtoto anayekuonyesha goti lake.

Mwalimu anayeijua kazi yake hutazama kwingine. Anaanzia chini. Kisigino cha mguu wa nyuma kimeshika ardhi au kinaelea? Goti linaelekea vinakoelekea vidole vya mguu, au limeangukia ndani? Nyonga imezunguka au imebaki nyuma? Halafu mgongo, bega, kiwiko. Ngumi yenyewe anaifikia mwisho, na mara nyingi hana haja ya kuifikia, kwa sababu kosa ameshaliona huko chini. Macho hayo yanayopanda kutoka ardhini ndiyo ninayotaka kuyasifu hapa kwa kirefu, maana yanachukua miaka kuyapata na hakuna anayeyapigia makofi.

Tuanze na uzito. Mkono mmoja wa binadamu, kuanzia begani hadi ncha za vidole, una takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili mzima. Kijana wa kilo 60 ana mkono wa kilo 3 hivi. Akirusha ngumi kwa mkono peke yake, anampelekea mwenzake kilo hizo 3, na kilo 57 zilizobaki zimesimama nyuma bila kazi. Mazoezi yote yale, miaka yote ile, yanatafuta njia ya kuziingiza kilo 57 ndani ya ngumi bila mtu kupoteza mizani, bila kuchelewa, na bila kumpa mpinzani dalili kwamba pigo linakuja.

Njia yenyewe inaanzia chini. Mguu wa nyuma unaisukuma ardhi, na ardhi, kwa kuwa haiendi popote, inaurudisha msukumo ule. Unapanda kupitia kifundo cha mguu na goti mpaka kwenye mapaja na makalio, ambako ndiko iliko misuli mikubwa kuliko yote mwilini. Nyonga inazunguka, kiuno kinafuata, kifua kinapokea, bega linashuka badala ya kupanda, kiwiko kinasukumwa kutoka nyuma, na ngumi inakazwa katika nukta ya mwisho tu, pale inapogusa. Kiungo kimoja kikitangulia au kikikawia, nguvu inavuja hapo hapo. Bega lililopanda kuelekea sikio ndilo linalovujisha kuliko vyote. Ukitaka kumtambua mwanafunzi wa mwezi wa kwanza bila kuuliza, tazama mabega yake.

Ubishi kati ya mkono na mwili ni wa zamani kuliko mitindo mingi tunayoijua leo kwa majina. Mnamo mwaka 1560 jemadari Qi Jiguang wa enzi ya Ming, aliyekuwa akipambana na maharamia kwenye pwani ya China, aliandika kitabu cha kufundishia askari, Jixiao Xinshu, na ndani yake akaweka sura ya mapigano ya mikono mitupu yenye mikao 32. Hakujidanganya juu ya faida yake. Alikiri kwamba ufundi huo hauna msaada mkubwa majeshi yanapokutana. Aliuweka kwa sababu unazoeza mikono, miguu na kiwiliwili kufanya kazi pamoja, na askari anayeanza humfungulia mlango wa mkuki na upanga. Kisha akawataja mabingwa waliosifika wakati wake, huyu kwa mateke, yule kwa kukamata, mwingine kwa kuangusha, mwingine kwa mapigo, na akatoa hukumu ambayo naamini haijazeeka hata kidogo: mwenye ustadi wa juu asiye na wa chini, au wa chini asiye na wa juu, anaweza kushinda, ila ameshika upande mmoja tu wa elimu.

Aliyesema hayo alikuwa askari, mtu ambaye wanafunzi wake wakifundishwa vibaya wanazikwa. Ndiyo maana nayapa uzito zaidi ya maneno ya wauza mikanda ya vyeo.

Kwetu kung fu haikuja kwa kitabu. Ilikuja kwa skrini. Kote Uganda, mijini na kwenye vituo vya biashara vya vijijini, vibanda vya video vimekuwa shule ya kwanza ya mchezo huu: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja, na filamu za Hong Kong za Bruce Lee, Jackie Chan na Gordon Liu. VJ, yaani mtafsiri wa filamu, anakaa na kipaza sauti chake, anatafsiri papo hapo na kuongeza ya kwake, kama mwenzake Lufufu alivyokuwa akifanya kwa Kiswahili huko Tanzania. Ni kwenye mapenzi hayo ya filamu ndipo ilipozaliwa Wakaliwood, studio ya Isaac Nabwana katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, iliyotoa filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Bruce U, mmoja wa waigizaji wake wakuu, ni mwalimu wa kung fu kwelikweli, na watoto wa Wakaliga wamejifunza mikononi mwake. Hayo ni mambo ya kujivunia. Mtu hawezi kuvumilia miaka ya mazoezi magumu kama hakuanza kwa kukipenda kitu, na skrini iliwapendesha wengi.

Ila skrini nayo ina namna yake ya kufundisha. Filamu nyingi za siku hizi hukata picha upesi: ngumi, uso, ngumi, kioo kinapasuka. Miguu haionekani kabisa. Mtazamaji anaondoka na kile alichoonyeshwa, yaani mikono, na kesho yake uwanjani anairudia hiyo hiyo juu ya miguu iliyosimama wima isiyojua kinachoendelea huko juu.

Kwa sababu hiyo nampenda mwongozaji Lau Kar-leung. Alilelewa ndani ya mtindo wa Hung Gar. Baba yake alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, na Lam Sai-wing alifundishwa na Wong Fei-hung, yule ambaye filamu zimemfanya shujaa. Alipotengeneza The 36th Chamber of Shaolin mwaka 1978, hakuharakisha mapigano. Sehemu kubwa ya filamu ni mafunzo matupu. Gordon Liu anatakiwa avuke maji juu ya magogo yanayoelea ili afike kwenye chumba cha chakula, na anatumbukia tena na tena mpaka nyayo zake zijifunze kuwa nyepesi. Anabeba ndoo za maji mikono ikiwa imenyooshwa. Anapita katikati ya magunia yanayoning'inia akiyapiga kwa kichwa. Kamera inakaa mbali kiasi cha kumwona mtu mzima, utosi mpaka unyayo. Kijana anayetaka kujifunza chochote kutoka kwenye filamu aitafute hiyo, aizime sauti, na asitazame kitu kingine ila miguu.

Lakini Kasese haikuhitaji kusubiri filamu ili iujue mwili unaofanya kazi ukiwa kitu kimoja. Juu ya mji imeinuka Rwenzori, mpaka kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na mashamba ya Wakonzo yamepanda nayo kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama tu anashika kiuno. Huko, na vilevile ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zao Wanande wa Kongo, mzigo hubebwa mgongoni kwa kamba pana inayopita kwenye paji la uso. Kuni hubebwa hivyo, mkungu wa ndizi, gunia la mihogo linaloteremka kwenda sokoni Mpondwe. Wapagazi wa Kikonzo ndio waliobeba mizigo ya msafara wa Duke wa Abruzzi aliyefika Margherita tarehe 18 Juni 1906, na wajukuu wao ndio wanaowapandisha watalii hadi leo kupitia matope ya Bigo na mawe ya Bujuku.

Mtazame mama anayeteremka na mzigo wa namna hiyo. Mikono yake haibebi kitu. Mmoja pengine umeshika kamba karibu na sikio, wa pili una fimbo, au umemshika mtoto. Uzito wote unaingia kwenye paji la uso, unapita shingoni, unashuka na uti wa mgongo hadi nyongani, unapita kwenye goti lililokunjwa kidogo, na kuishia chini ya unyayo. Hatua zake ni fupi. Kila mguu unaijaribu ardhi kabla ya kuupokea uzito, na mguu wa nyuma hauondoki mpaka wa mbele uwe umekubali. Akiuvunja mstari ule hata kidogo, kwa kuinua kidevu au kuupindisha mgongo, shingo yake inamjulisha hapo hapo. Hahitaji mwalimu wa kumsahihisha. Mzigo unamsahihisha.

Sisemi kwamba kubeba kuni ni kung fu, wala sitaki kuipamba kazi hiyo. Inaumiza shingo na kula magoti, na wengi waliokulia humo wangefurahi kuwaona binti zao wameachana nayo. Ninachosema ni kwamba kijana wa Bukonzo anayeingia uwanjani kwa mara ya kwanza hafiki mtupu. Anajua tayari kusimama juu ya ardhi iliyoinama. Anajua kuupokea uzito na kuupitisha. Nusu hiyo ya somo ndiyo ambayo mwanafunzi aliyekulia kwenye kiti na gari analipia ada kwa miaka kabla ya kuionja. Inasikitisha mwalimu asipoiona, akaanza kumfundisha vidole.

Mwalimu anayeiona humpeleka kwanza kwenye mkao wa farasi, ule Wachina wanaouita mabu. Miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa mpaka mapaja yanakaribia kulala sambamba na ardhi, mgongo wima, ngumi zimewekwa kiunoni. Basi, kaa hapo. Dakika ya kwanza ni ya fahari. Ya pili mapaja yanawaka. Ya tatu mwili unaanza kutafuta njia za wizi: makalio yanapanda taratibu, kifua kinaegemea mbele, magoti yanakaribiana, viganja vinataka kutua juu ya mapaja. Mwalimu anapita nyuma na kukugusa kwa kidole kimoja tu, mgongoni au kwenye goti, na unarudi chini.

Wapo wanaoutumia mkao huu kama adhabu, na hao wanauharibu. Wapo pia wanaoufanya mashindano ya nani atachelewa kuanguka, na hao nao hawajauelewa vizuri. Kazi yake ni kumlazimisha mtu agundue kwamba mabavu hayatoshi. Msuli ukikazwa wote kwa pamoja unachoka upesi, kwa hiyo ukitaka kubaki pale chini lazima utafute namna ya kuiacha mifupa ikubebe, ukaze kinachohitajika na ulegeze kilichobaki. Siku mwanafunzi anapoipata, unaiona kwa macho. Mabega yanashuka yenyewe. Pumzi iliyokuwa ikihangaika kifuani inashuka tumboni. Uso uliokuwa umekunjamana unatulia. Hakuna kilichosogea, na hata hivyo mtu aliyesimama mbele yako si yule wa dakika iliyopita. Katika mambo yote ya kung fu, mateke ya kuruka yakiwemo, hilo ndilo ninalopenda kulitazama kuliko mengine.

Wang Xiangzhai, bingwa wa Kichina aliyeishi kati ya 1885 na 1963, aliifikisha fikra hii mbali kuliko wengi. Alilelewa katika mtindo wa xingyiquan chini ya Guo Yunshen, na miaka ya 1920 akaanza kufundisha mtindo wake, yiquan, bila fomu hata moja, bila ile mifululizo ya mapigo ambayo shule nyingine hukaririsha. Wanafunzi wake walianza kwa kusimama tu, magoti yamelegea, mikono imezungushwa mbele ya kifua kwa namna ya mtu aliyekumbatia mti. Aliunyima mkono kazi ili mwili ujulikane. Ni njia ngumu, na sidhani kama inamfaa kijana wa miaka kumi na mitano ambaye damu inamchemka. Lakini inaonyesha jinsi mabingwa wenyewe walivyoamini kwamba mkono unaweza kusubiri.

Huko kwenye xingyiquan ndiko pia ilikotoka kanuni iliyo rahisi kuitumia uwanjani kuliko zote. Bega liende na nyonga, kiwiko kiende na goti, mkono uende na mguu. Unaweza kuijaribu sasa hivi ukiwa umesimama. Piga hatua moja mbele kwa mguu wa kulia huku ukisukuma kiganja cha kulia, na usimame katikati ya safari. Kiwiko kiko juu ya goti, au kimelitangulia? Nyonga imefuatana na bega, au bega limekwenda peke yake? Sasa maliza hatua. Unyayo na kiganja vimefika kwa wakati mmoja? Karibu kila anayejaribu mara ya kwanza, mkono unafika mapema. Una haraka, kwa kuwa umezoea kutumwa peke yake kuchukua kikombe, kufungua mlango, kushika simu. Guo Yunshen alisifika kaskazini mwa China kwa pigo moja tu la mstari ulionyooka alilolipiga kwa nusu hatua. Ufundi wake ulikuwa katika kufika: mguu, nyonga na ngumi vyote vinaingia mlangoni pamoja.

Hadi hapa nimeupendelea mwili, na wapenzi wa mtindo wa wing chun watakuwa wameshakunja uso. Wana haki yao, na lazima nayo isemwe.

Fomu ya kwanza ya wing chun, siu nim tao, inafanywa yote mtu akiwa amesimama mahali pamoja. Miguu ikishafunguka mwanzoni haiondoki tena. Mkono unatoka polepole kwenye mstari wa katikati ya kifua, kiwiko kimeingizwa ndani na kushushwa, kifundo cha mkono kinakunjwa, kinafunguka, kinarudi. Ip Man, aliyezaliwa 1893 huko Foshan na kufia Hong Kong mwaka 1972, aliwafundisha hivyo mamia ya watu. Kisha huja chi sao, ambapo wawili wanagusanisha mikono kati ya kifundo na kiwiko na kuizungusha bila kuachana. Kwa umbali ule mdogo, jicho linachelewa. Ngozi ndiyo inayojua kwamba mwenzako ameongeza shinikizo kidogo, kwamba amelegea, kwamba kiwiko chake kimepanda na mlango uko wazi. Watazame wawili wenye uzoefu wakifanya hivyo na utakuta ni vigumu kuondoka. Vidole vinauliza na kujibu kwa kasi ambayo maneno hayana.

Hiyo ni elimu ya mkono kwa haki yake. Mwili mzima wenye nguvu usio na mkono wa namna hiyo hautajua pa kuielekeza nguvu yake. Lakini angalia mpangilio wa shule yenyewe. Miguu inasimamishwa kwenye fomu ya kwanza kwa makusudi, ili mwanafunzi asijifiche nyuma ya mwendo, na fomu ya pili, chum kiu, inaleta mzunguko wa kiuno na hatua, na kila alichojifunza mkononi anakijifunza upya kikiwa kimeunganishwa na ardhi. Wing chun haikuuacha mwili. Iliuahirisha, kama vile wengine walivyouahirisha mkono.

Na mwanafunzi maarufu kuliko wote wa Ip Man ndiye aliyetoa ushahidi ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1964, katika mashindano ya karate yaliyoandaliwa na Ed Parker huko Long Beach, California, Bruce Lee alisimama mbele ya mtu wa kujitolea, ngumi yake ikiwa umbali wa inchi moja tu kutoka kifuani mwa mwenzake, na kwa umbali huo akampiga hadi akaenda kukaa kwenye kiti kilichowekwa nyuma yake. Waliokuwepo waliitazama ngumi. Katika umbali wa inchi moja, ngumi haina nafasi ya kukusanya chochote. Nguvu ililetwa kutoka chini: goti la nyuma lililonyooka ghafla, nyonga iliyozunguka, bega, kiwiko, na mwisho kifundo cha mkono kilichoinuka kidogo, vyote ndani ya muda mfupi kiasi kwamba jicho linaona kitu kimoja. Mkono wa wing chun ulijua mahali. Mwili ulileta mzigo.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo wapenzi wa mwili hawapendi kulitaja. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba nguvu inatoka kiunoni, anaanza kukizungusha kiuno ili kila mtu akione. Mwili unayumba, kichwa kinachora duara, nyonga zinakwenda huku na huku, na ngumi inafika kwa kuchelewa, imebeba kelele nyingi na uzito mdogo. Mpinzani ameshaiona safari yote tangu ilipoanza. Mwendo mkubwa ni wa kujifunzia, na unapaswa kupungua kadiri miaka inavyokwenda, mpaka kiuno kizunguke kwa kiasi ambacho mtu wa pembeni hakioni ila aliyepigwa anakisikia. Katika mtindo wa taijiquan wa kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, sehemu kubwa ya fomu hufanywa taratibu kwa sababu hiyo hiyo. Kasi huficha makosa. Mwendo wa polepole hauna pa kuyaficha, na kila mahali ambapo mkono umejiendea wenyewe bila mwili panaonekana.

Kwa hiyo ukinikuta nimesimama pembeni mwa uwanja, najua ninachongoja. Mwanafunzi anarudia pigo lile lile la mkao wa upinde, mguu wa mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka. Mara arobaini ngumi yake inakwenda na mwili unafuata. Mwalimu hasemi kitu. Anamwekea kiganja nyuma ya nyonga na kusukuma kidogo kila pigo linapoanza. Halafu anaondoa kiganja. Mapigo kadhaa yanapotea. Kisha moja linatoka tofauti, na wote wawili wanalijua kabla sauti ya nguo haijaisha. Mwanafunzi anatabasamu na, kwa furaha, linalofuata analiharibu. Mwalimu anaurudisha mkono nyongani na wanaendelea. Hakuna cheti kinachotolewa kwa dakika kama hiyo, ingawa ndiyo iliyowagharimu wote wawili miezi.

Mchezo wenyewe, kwa bahati nzuri, unaihesabu kazi hiyo. Katika mashindano ya kimataifa ya fomu za wushu, yaani kung fu ya mashindano, yenye alama 10, alama 5 ni za ubora wa mikao na miendo, 3 ni za onyesho kwa jumla, na 2 tu ni za miruko na vitendo vigumu. Mwamuzi anakata sehemu ya alama kwa paja ambalo halikushuka ipasavyo. Na wushu imeingizwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyopangwa kufanyika Oktoba na Novemba 2026, mara ya kwanza kwa Michezo ya Olimpiki kuja katika bara letu.

Mwalimu wa Kasese au Bwera asione haya, basi, kuwaweka watoto kwenye mkao wa farasi kwa muda mrefu kabla ya kuwapa fomu ya mikono, na asiwafiche kwamba hatua zao za mlimani ni mali wanayokuja nayo. Nawe mzazi, ukipita uwanjani baada ya miezi mitatu ukamkuta mwanao bado anafundishwa kusimama na kutembea, na wa jirani yako anarusha ngumi kumi kwa pumzi moja kwenye shule nyingine, usimhamishe. Lipa ada ya mwezi wa nne.